Aliyechelewa Kusema Si Mwongo
Pale Tunduma, mkoani Songwe, malori yakipanga foleni usiku kucha kuingia Zambia, binti muuza chai akibakwa huulizwa kwanza: mbona hukupiga yowe? Akifika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku ya nne, saa 72 za kuanza dawa za kinga ya VVU zimeshapita, naye anaulizwa alikuwa wapi. Mwili ukizidiwa na hofu huweza kuganda, sauti isitoke. Kumbukumbu nayo hubaki vipande: harufu ya dizeli anaikumbuka, saa haikumbuki. Wakili wa utetezi (ndiyo kazi yake, simlaumu) huing'ang'ania hiyo saa. Sheria yenyewe si katili: mwaka 2006, katika rufaa ya Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Lakini mahakama hiyohiyo, tangu kesi ya Marwa Wangiti ya 2002, hupima ukweli wa shahidi kwa wepesi wake wa kumtaja mtuhumiwa. Aliyeganda ataupata wapi wepesi huo? Waheshimiwa mahakimu wa Songwe, kabla ya kuandika kwamba alichelewa, ulizeni kilichomchelewesha.