Kamera ya Thika na Amana za Watu

Nilikwenda Ruiru kumjulia hali mpwa wangu, aliyehamia huko kwa ajili ya kazi, katika hayo majumba ya ghorofa yaliyosimama palipokuwa na mibuni. Sikuwa na nia ya kufika Thika. Lakini nikaambiwa kuwa huko, mtaa wa Majengo, yuko mama wa kwetu Mombasa, mjane wa mpiga picha, anatafuta mtu wa kumsomea karatasi ya Kizungu kabla hajatia sahihi. Nikapanda matatu.

Karatasi ilitoka kwa dalali mmoja anayenunua kamera za kale kwa niaba ya wakusanyaji wa Ulaya. Ilisema kuwa mama atalipwa shilingi 40,000 kwa kamera moja aina ya Rolleiflex, pamoja na vyote vinavyoambatana nayo.

"Mama," nikamwuliza, "vinavyoambatana nayo ni vipi?"

Akanionyesha kwa kidevu makopo manne ya biskuti juu ya kabati. Ndani mlikuwa na negativu, zile filimu ambazo mweupe huonekana mweusi na mweusi mweupe. Kazi ya miaka thelathini.

Kamera yenyewe ni chombo hasa. Ilitengenezwa mjini Braunschweig, Ujerumani, na kampuni ya Franke & Heidecke, baada ya Vita Vikuu vya Pili. Ina macho mawili, moja juu ya jingine: la juu la kutazamia, la chini la kupigia. Filimu moja hutoa picha 12 za mraba. Mpigaji haiweki usoni. Huishika usawa wa tumbo, akainamisha kichwa na kutazama kioo kilicho juu yake, na anayepigwa hakodolewi macho. Wajerumani hawakuwa wakiwaza adabu zetu walipoibuni hivyo, lakini ilitufaa.

Marehemu, Mola amrehemu, alipanda bara miaka ya sitini, Thika ikiwa mji wa viwanda, na vijana wa makabila yote wakifuata kazi za mananasi na za nguo. Kila mmoja alitaka picha ya kupeleka kwao. Mwisho wa mwezi alipanda baiskeli na kamera yake hadi mashamba ya kahawa ya Ruiru, siku ya mshahara. Mwaka 1978 sheria ya kuandikisha watu ilipopanuliwa, na wanawake nao wakatakiwa kuchukua kitambulisho, ambacho wazee waliendelea kukiita kipande, wanawake wa Majengo walikuja kwake kwa sababu mkewe alikuwa akisimama mumo humo ndani ya studio.

"Tena mimi ndiye niliyezisafisha picha za wanawake, mwanangu," akaniambia. "Yeye akipiga, akinipa filimu, hatazami tena. Na siku za kupamba hakuingia. Niliingia mimi na kamera."

Hapo ndipo mkono wangu ulipoiweka chini ile karatasi. Makopo mawili kati ya manne ni ya kupamba: maharusi wenye asmini nyweleni na hina mikononi, na mama zao na shoga zao wamefungua vichwa, wanacheka, kwa kuwa chumbani hamna ila wanawake. Na hizo ndizo anazozitaka dalali. Kamera ni kisingizio.

Tuiangalie biashara hii kwa haki. Watu walidhani filimu imekufa. Kampuni iliyorithi jina la Franke & Heidecke ilifilisika mwaka 2009, na Kodak ikaomba hifadhi ya mahakama mwaka 2012. Kisha vijana wakachoshwa na picha elfu za simu wasizozitazama, wakairudia filimu, hata Pentax ikatoa kamera mpya ya filimu mwaka 2024. Rolleiflex nzuri sasa huuzwa ng'ambo kwa zaidi ya dola elfu moja, kwa hiyo shilingi 40,000 zile zilikuwa bei ya mjane. Lakini wenye fedha wamekwisha kujua kuwa kamera ni nyingi, na picha ya studio ya Afrika ni moja. Mwaka 1991 picha za Seydou Keïta wa Bamako zilitundikwa katika maonyesho New York bila ya jina lake. Leo jina lake lina bei kubwa, ila nyuso alizozipiga bado hazina majina.

Sisemi kila makopo yafungwe. Negativu za Priya Ramrakha, kijana wa Nairobi aliyeuawa vitani Nigeria mwaka 1968, zilikaa miongo kadhaa ndani ya gereji, na laiti zisingefunguliwa tungepoteza sehemu ya historia ya uhuru wetu. Lakini mkutano wa siasa hupigwa picha uonekane. Kupamba hakupigwi ili kuonekane na kila mtu.

Sheria nazo zina la kusema. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inahesabu kuwa haki ya kazi iliyoagizwa ni ya yule aliyeiagiza, ila wakiwa wameafikiana vingine. Picha hizi ni za kabla ya hapo, na mawakili wana nafasi ya kubishana. Mwaka 2019 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data, na Septemba 2023 Kamishna wake akaitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya ridhaa ya wazazi, na kilabu kimoja shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Kama mnywaji wa kilabuni ana haki ya uso wake, bibi harusi wa Majengo hana?

Masheikh wamekhitalifiana juu ya picha, na sitaingia humo. Ila hata aliyeihalalisha sijamsikia akihalalisha kuuza amana.

Nikachukua kalamu, nikakata yale maneno ya kuambatana, nikaandika: kamera peke yake na mkoba wake wa ngozi. Dalali alipopigiwa simu akashuka hadi 12,000. Mama akacheka, akairudisha kamera kabatini.

Kisha akateremsha kopo la kwanza. Harufu ya siki ikatoka, dalili kuwa filimu zimeanza kuoza, na zikija joto la pwani zitaoza upesi zaidi. Kila bahasha ameiandika jina kwa herufi za Kiarabu. Dalali asingeweza kuzisoma. Mimi nilizisoma, kwa fimbo za chuoni. Akanitengea 17, za wanawake waliorudi Mombasa na Malindi. Mbili nimekwisha kuzifikisha. Mwenye ya tatu amefariki, na bintiye yuko Maskati. Ameniambia nisimpe mtu, atakuja mwenyewe.