Nyumba ya Uzeeni Isinunuliwe kwa Ubaridi Peke Yake

Mwalimu anayekaribia umri wa miaka 60 huwa na mazungumzo mawili tu katika ofisi ya walimu: mafao na kiwanja. Mafao yatalipwa lini na yatakuwa kiasi gani. Kiwanja kitapatikana wapi, na je, maji yapo? Mazungumzo hayo husikika Dar es Salaam, na husikika Kakonko vile vile. Watumishi waliovumilia joto la pwani kwa miaka thelathini huanza kuzitaja Arusha, Iringa, Njombe na Lushoto. Wako wanaoshawishika kununua fleti katika jengo la ghorofa mjini, na wako wanaotaka kishamba mlimani. Hata wale walioletwa Kakonko kwa barua ya uhamisho, wakaipokea barua hiyo kwa uso uliokunjamana, hufika siku wakaanza kuulizia bei ya ardhi.

Haja hiyo si ya kubezwa. Nyanda za juu za Kigoma, yaani Kakonko, Kibondo na Kasulu, ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na joto linalomtoa jasho mkazi wa Ujiji kando ya ziwa halifiki huko. Usiku wa mwezi Juni au Julai mtu hutafuta blanketi. Maharage, mahindi, mihogo na ndizi hustawi. Kakonko yenyewe, ambayo wenyeji wangali wakiiita Buyungu, ilikuwa sehemu ya Kibondo hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012, na lami kutoka Nyakanazi imeifikia wilaya hiyo. Mahali palipokuwa adhabu kwa mtumishi wa jana pamekuwa mahali pa kutamanika kwa mstaafu wa leo.

Lakini kabla ya kutamani, yafaa mtu akumbuke kwamba milima hii ina historia yake ya watu kuondoka na kurudi. Katika enzi ya Waingereza, Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyotoa manamba wengi wa mashamba ya mkonge. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao maalumu cha kuajiri, kilichojulikana kwa jina la SILABU, na vijana wa Buha walisafirishwa hadi Tanga na Morogoro. Wengine walirudi na baiskeli na blanketi. Wengine hawakurudi kabisa. Kwa watu hao ubaridi wa mlimani haukuwa burudani ya uzeeni. Ulikuwa nyumbani, walikokuacha kwa sababu ya kodi na uhaba wa fedha. Kisha mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na kaya zilizokuwa zimetawanyika zikahamishiwa katika vijiji. Mashamba ya zamani yaliachwa nyuma, migomba ikasongwa na majani. Kwa hiyo mtumishi anapooneshwa kilima kitupu na kuambiwa kwamba hilo ni pori lisilo na mwenyewe, inambidi aulize mara mbili. Huenda yuko mzee katika kijiji cha jirani anayejua kaburi la babu yake liko chini ya mti gani.

Jambo hili si la Buha peke yake. Takriban kila mji wa baridi uliojengwa na wakoloni ulianza kwa kumsogeza mtu pembeni. Wajerumani waliifanya Lushoto, waliyoiita Wilhelmsthal, kuwa kimbilio la maofisa wao. Waingereza walifanya vivyo hivyo Simla nchini India, na Wafaransa wakafanya hivyo Dalat nchini Vietnam. Nchini Ufilipino Wamarekani waliijenga Baguio ili maofisa wao wapumzike na joto la Manila. Ardhi iliyochukuliwa huko ilikuwa na wenyewe, na mmoja wao, Mateo Cariño, aliifikisha kesi yake hadi Mahakama Kuu kabisa ya Marekani. Mwaka 1909 mahakama hiyo ilitamka kwamba ardhi iliyokuwa mikononi mwa wenyeji tangu zama zisizokumbukwa haikuwahi kuwa mali ya serikali. Leo Baguio ni mji wa majengo marefu ya fleti na msongamano wa magari, na watu waliokwenda kutafuta hewa safi sasa wanaitafuta hewa hiyo hiyo wakiwa wamebanana.

Nchini Tanzania sheria imekwisha kuweka mpaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Mtu wa nje hanunui ardhi hiyo kama anavyonunua gunia la maharage. Hakimiliki ya kimila haihamishwi bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na anayehamishiwa hutazamiwa awe mwanakijiji, au raia anayekusudia kuja kuishi na kufanya kazi pale. Karatasi iliyotiwa saini gizani kati ya muuzaji mwenye shida na mnunuzi mwenye haraka, hata ikiwa na muhuri wa mtu fulani, haimpi mstaafu usingizi. Wangapi wamekwisha kumaliza mafao yao katika baraza za ardhi wakigombania ekari mbili?

Hapo ndipo penye neno lenyewe. Sharti la kukusudia kuishi si urasimu. Ndilo linalotenganisha jirani na mlanguzi. Mwalimu mstaafu anayejenga Kakonko, akalima, akaenda mazikoni, akamfundisha hesabu mtoto wa jirani jioni, ni faida kwa wilaya ambayo walimu wake wengi huomba uhamisho kabla chaki haijaisha. Lakini ofisa anayechukua ekari kumi, akazizungushia seng'enge na kurudi Dar es Salaam kungoja bei ipande, amewanyima vijana wa kijiji hicho mashamba bila kuwapa hata salamu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kumiliki nyumba ya kupangisha. Halikumkataza kuwa na nyumba ya kukaa. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na leo mtumishi yuko huru kuwa na nyumba ya pili na ya tatu. Hata hivyo, tofauti kati ya paa la kulalia na paa la kuvunia haikufutwa na kikao chochote.

Na fleti je? Tangu mwaka 2008 iko sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe, na huo ni msaada kwa miji mikubwa ambako viwanja vimekwisha. Lakini mwenye fleti ana kuta zake tu. Ngazi, paa, bomba la maji na mlinzi wa getini ni vya wote, na vya wote hulipiwa kila mwezi. Mshahara ukiwapo, ada hiyo haionekani. Pensheni ikishika nafasi yake, ada hiyo hiyo hula sukari na dawa. Zaidi ya hayo, ghorofani hapana mahali pa kupanda hata mche mmoja wa mchicha, na mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka arobaini hujikuta ameketi dirishani akihesabu pikipiki. Kwa baadhi ya watu hayo ndiyo mapumziko. Kwa wengi ni mwanzo wa maradhi.

Maradhi nayo hayana budi kutajwa, kwa kuwa wapenda ubaridi huyasahau. Hewa ya mlimani haitibu shinikizo la damu wala kisukari. Kutoka Kakonko hadi Hospitali ya Rufaa ya Maweni mjini Kigoma ni zaidi ya kilomita 200, na Bugando iko Mwanza. Mstaafu anayehitaji kliniki ya bingwa kila mwezi aipime safari hiyo kwa magoti yake ya miaka 70, si kwa magoti ya leo.

Linabaki suala la fedha, ambalo ndilo zito kuliko yote. Kizazi kilichotangulia kilijenga kwa mkupuo. Mtumishi aliyekuwa katika mifuko ya PSPF na LAPF alitazamia kupokea nusu ya mafao yake kwa mara moja, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa matofali, mabati na milango. Mifuko ikaunganishwa mwaka 2018 na kuwa PSSSF, na baada ya malalamiko mengi kikokotoo cha mwaka 2022 kikaweka mkupuo wa asilimia 33. Mwaka 2024 kiwango hicho kikapandishwa hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata 50. Mabishano juu ya haki ya hesabu hizo yataendelea, na yana sababu. Lakini bati halingoji mabishano. Nyumba ambayo ujenzi wake unaanza siku ya kupokea mafao ni nyumba iliyoanza kwa kuchelewa, na mara nyingi huishia kwenye linta, nyasi zikiota sebuleni.

Kwa sababu hiyo wajibu hauko kwa mtumishi peke yake. Serikali ilipouza nyumba zake kwa watumishi kuanzia mwaka 2002, waliokuwa ndani walinufaika, na waliohamishiwa baadaye wakakuta hawana pa kukaa. Mwaka 2013 ikaundwa Watumishi Housing kwa madhumuni ya kuwajengea watumishi wa umma nyumba za bei wanayoimudu. Hata hivyo, mwalimu wa Kakonko hahitaji kwanza nyumba iliyokwisha. Anahitaji kiwanja kilichopimwa, chenye namba na barabara, ambacho atakilipia kidogo kidogo akiwa bado kazini. Halmashauri ya Wilaya inaweza kupima viwanja hivyo katika mji wake kabla mji haujajipanga wenyewe ovyo, na kuvigawa kwa masharti ya kujenga na kukaa, wenyeji wakitangulia. Kiwanja kisichojengwa kwa muda uliowekwa kirudi.

Matofali ya kuchoma yanafyatuliwa huko huko, ingawa tanuri hula kuni nyingi mno na wilaya ingefanya vyema kuhimiza matofali ya kushindilia. Mbao zipo. Mafundi wapo, na bei yao si ya Arusha. Mwalimu mwenye umri wa miaka 53 leo anayo misimu saba ya kiangazi ya kufyatua matofali kabla barua yake ya kustaafu haijaandikwa.