Mashini mnatuachia, piesi mnarudi nazo

Mashini ya kusaga ya wahami, pale kambini kwenye barabara ya Nyunzu, iko na nembo mpya kabisa ubavuni. Rangi haijachubuka. Siku ya kuipokea tulirekodi hotuba tatu, wamama wakacheza, na mimi mwenyewe ndiye niliyeshika mikro. Leo ni mwezi wa saba haijasaga hata ndoo moja. Kuku wanataga chini yake.

Naandika kwa sababu wiki iliyopita mkubwa mmoja wa shirika lililoileta alisema hewani kwamba wahami hawakuitunza. Wengi mlisikia. Kesho yake wamama walikuja mpaka mlangoni pa redio, na hawakuja kusalimia. Basi nilikwenda na fundi, tukaifungua.

Kwa wale wasioijua: ndani ya mashini kama hiyo kuna nyundo ndogo za chuma zinazozunguka kwa kasi, zinapiga muhogo ama mahindi mpaka unga upite kwenye chujio cha bati lenye matundu. Nyundo zinalika. Huo si uzembe wa mtu, ndiyo kazi yenyewe. Nyundo nzuri iko na pembe nne: ikilika moja unaigeuza, na zikiisha zote nne unanunua ingine. Chujio kinapasuka. Mkanda unaotoka kwenye moteri unakatika. Kila mwenye mashini hapa Kalemie anajua hayo, na vitu hivyo ananunua kama sisi tunavyonunua chumvi.

Fundi alikuta nyundo zote zimegeuzwa, pembe zote nne zimelika sawasawa. Maana yake kamati ilifanya kazi yake, tena kwa zamu, na daftari lao nililiona. Shida ni kwamba tundu la nyundo hizo si la kipimo cha mashini zinazouzwa huku, na upana wa chujio pia si huo. Mkanda peke yake ndio wa kawaida: herufi B na namba vilisomeka, tungeupata siku ile ile. Tulipiga picha, tukapima, tukazunguka kwa wauzaji wote. Mfanyabiashara anayevuka ziwa kwenda Kigoma alitafuta huko, akarudisha jibu: hakuna. Lubumbashi, hakuna. Karatasi ya mashini ilikuwa kwa karani wa mradi, na mradi ulifungwa, karani akahamishwa.

Kamati haikukaa tu. Walimwomba mhunzi awatengenezee nyundo kwa springi ya gari kuukuu, na chujio kwa bati la pipa lililotobolewa kwa msumari. Ilisaga wiki mbili. Mama mmoja alipitisha sumaku ya spika mbovu ndani ya unga, ikatoka na ndevu nyeusi za chuma. Unga huo watoto walikuwa wameshaula. Tena nyundo za mhunzi hazikuwa na uzito mmoja, mashini ikatetemeka mpaka bolti za chini zikang'oka. Ndipo wakaifunga. Sasa mkubwa aniambie hapo ni nani hakutunza.

Toka siku hiyo wamama wanabeba muhogo kichwani mpaka mjini, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, na kusaga wanalipa. Mwenye kukosa pesa anatwanga usiku.

Niko na ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, aliyepitia kambi ya Nyarugusu kule Tanzania akapelekwa Marekani. Huko anafanya kazi ya kukata majani kwenye nyumba za watu. Mzee anayemtumikisha ana trakta ndogo ya kukalia, ya kukata majani, isiyotumia mafuta bali bateri. Inaitwa Elec-Trak, ya kampuni ya General Electric. Zilianza kutoka mwaka 1969, na katikati ya miaka ya 1970 kampuni ikaachana nazo. Ina miaka zaidi ya hamsini, na bado inafanya kazi. Mimi nilidhani ananidanganya, akanitumia video.

Nikamwuliza: piesi mnatoa wapi? Akasema ya mzee inakwenda kwa volti 36, yaani bateri 6 za volti 6, moja imefungwa nyuma ya ingine. Bateri za namna hiyo ndizo za vile vigari vya kwenye viwanja vya golfu, na mpaka leo zinatengenezwa na kuuzwa. Zikichoka baada ya miaka michache, mzee anatoa sita, anaweka sita, jioni anakata majani. Na visu? Muuzaji wa dukani hana hata habari kwamba kuna trakta ya jina hilo. Mzee hamtajii jina. Anapima kisu kutoka ncha mpaka ncha, anapima unene na tundu la katikati, anaangalia kinazungukia upande gani, maana kisu kilichopinduliwa makali yanakuwa nyuma na hakikati kitu. Kisha anachagua kinacholingana.

Siombi trakta ya majani. Majani yetu tunayakata kwa kupe-kupe na panga. Lakini fikirini: huko duka liko kila kona, na bado trakta ile ingekuwa chuma chakavu kama watu waliounda wangeipa bateri ya peke yake. Sisi tusio na duka, tulio na barabara inayokatika kila mvua, ndio tunaopewa mashini ambayo piesi yake inapatikana kwa aliyeitengeneza tu. Ni nani alifikiri akaona hiyo ni hekima?

Na nisijifanye kwamba ni kambini tu. Redio yetu wenyewe tulifundishwa kwa fimbo. Mwanzo tulikuwa na bateri za lori. Bateri ya lori imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, gari liwake, basi. Sisi tuliikamua usiku kucha, tukaiua kwa miezi michache. Kosa letu, nakubali. Kisha mfadhili akatuletea sanduku moja zuri la litiamu, limefungwa pande zote, na ndani kuna kompyuta ndogo inayolilinda. Tulifurahi sana. Siku ile kompyuta ilipoamua kufunga umeme, hatukuwa na la kufanya. Bateri yenyewe pengine ilikuwa nzima. Kuifungua kunataka programu na neno la siri, na hivyo viko kwa kampuni ng'ambo. Barua tulizoandika zilijibiwa kwa maneno matamu. Wiki kumi na moja tulinyamaza.

Katika wiki hizo kumi na moja mama mmoja alifika na picha ya mtoto wake wa miaka sita, waliyepotezana njiani wakati wa kukimbia. Alitaka tutangaze. Nilimwonyesha meza na mikro, nikamwambia hakuna umeme. Alikaa kwenye benchi letu mpaka giza kama vile umeme ungerudi kwa kungojewa. Mtoto alikuwa kwa jamaa moja katika kambi ingine, si mbali, na jamaa hiyo ilikuwa ikiwasha redio kila asubuhi kusubiri tangazo. Ni motari mmoja aliyeunganisha habari hizo mbili, siku ya tisa. Mtoto ni mzima, Mungu asifiwe. Lakini siku tisa za yule mama ziandikwe kwenye ripoti gani?

Leo tunatumia bateri za asidi za volti 12, za sola, zinazofunguliwa juu na kutiwa maji safi ya bateri. Ni nzito, si nzuri machoni, na haziruhusu kukamuliwa kupita nusu, ndiyo maana saa nne usiku tunafunga. Mnaolalamika kwamba tunafunga mapema, sababu ni hiyo. Ila moja ikifa, naipata mjini, ama inakuja kwa mtumbwi kutoka Kigoma.

Najua watajibu kwamba piesi za akiba zinapandisha bei ya mradi. Mlango wa gari lenu unapogongwa, piesi inafika kwa ndege. Seti mbili za nyundo na machujio matatu zinaingia kwenye begi moja. Pesa za fulana na kofia za siku ile ya sherehe zingezinunua, na sisi tungekuja kurekodi hata bila kofia. Watasema pia kwamba zabuni ilidai mashini ya bei ya chini. Sawa, basi aliyeandika zabuni aongeze mstari mmoja: ikaguliwe kwanza na fundi wa mulini wa hapa hapa, na ikiwa nyundo yake haipo sokoni Kalemie wala Kigoma, isinunuliwe. Fundi huyo anafahamika na kila mtu, hatadai per diem kubwa.

Nanyi wa kamati, ndugu zangu, mna lenu. Mliweka sahihi kwenye karatasi ya kupokea bila kuisoma, kwa kuogopa kwamba mkiuliza, mashini itakwenda kwa wengine. Woga huo naufahamu, mhami hana nguvu ya kukataa. Lakini kamati ya kambi ya jirani, inayotazamia kupokea mashini kama hiyo hiyo Alhamisi hii, imeniletea barua niisome hewani. Wanasema hawataweka sahihi mpaka waone kwa macho seti ya pili ya nyundo, chujio la pili, na karatasi ya vipimo kwa Kiswahili, vikabidhiwe mikononi mwao si kwa karani.

Barua nitaisoma Jumatano saa kumi na mbili jioni. Alhamisi nitakuwa kwenye sherehe, na kabla ya hotuba ya kwanza nitaomba lile begi lifunguliwe.