KILIO CHA DARASA LA AWALI

Kila mwezi wa Januari kilio husikika milangoni mwa shule za Tanzania. Ni kilio cha watoto wa darasa la awali, ambao wengi wao hawajapata kukaa mbali na mama zao. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu Januari 2016 shule za Serikali hazitozi ada. Mlango umefunguliwa, lililobaki ni namna ya kumwingiza mtoto.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea. Wengine humtisha mtoto nyumbani kwamba mwalimu atamchapa, kisha hushangaa akimwogopa mwalimu huyo. Wengine hutoroka mtoto anapogeuka. Mtoto aliyetorokwa hajifunzi ushujaa. Hujifunza kwamba mama yake si wa kuaminiwa, na kesho yake hung'ang'ania kanga kwa nguvu zaidi.

Wako wasemao: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini kukunja si kuvunja. Sisi twasema mzazi amuage mwanawe waziwazi, amwambie atamfuata saa ngapi, na ahadi hiyo aitimize. Mwalimu naye ampokee kwa jina lake, asimcheke wala asimpige. Hata mtoto aliyekwisha kuzoea huweza kulia tena baada ya likizo au ugonjwa. Huo si utundu.

Serikali imempa mtoto nafasi. Ni juu yetu, wazazi na walimu, kumfanya atake kurudi kesho.