Lubumbashi: Maji ya kiwanda yanahesabiwa wapi mbele ya kufika mtaani?

Tarehe 4 mwezi wa 11, 2025, maji machafu ya kiwanda yaliingia mu mitaa ya Kasapa na Kamatete, komini Annexe, hapa Lubumbashi. Yalitoka ku basini ya kampuni Congo Dongfang Mining, CDM. Kisha waziri wa migodi, Louis Watum, akasimamisha kazi ya kampuni hiyo kwa miezi mitatu.

Tangu siku ile watu wengi wanaongea juu ya basini na kuta zake. Wana haki. Lakini basini haijijazi yenyewe. Kiasi cha maji kinachokwenda pale kinaamuliwa nyuma kidogo, ndani ya kiwanda, mu tanki kubwa la duara ambalo wafanyakazi wanaita dekanteri.

Ili kupata shaba na kobalti, mawe yanasagwa na kuoshwa kwa asidi. Matope yanayobaki yanaingia katikati ya dekanteri. Wanatia dawa ya kufanya unga wa mawe ushikamane na kuzama. Maji yaliyochujika yanamwagikia ku ukingo na kurudi kazini. Chini, mikono ya chuma inazunguka polepole, inasukuma tope nzito mpaka ku tundu, na pampu inaipeleka basini.

Mtu wa zamu anafuata mambo mawili: tope imepanda mpaka wapi, na ni nzito kiasi gani. Kuna mashine za kupima kwa sauti, lakini unga ukielea mu maji zinaweza kudanganya. Kwa hiyo bado ni vizuri kuteremsha bomba kwa mkono, na kupima uzito wa lita moja ya tope ku mizani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tope ikiwa nusu mawe, nusu maji, kila tani ya mawe inakwenda na tani moja ya maji. Mawe yakishuka mpaka asilimia 40, tani ileile inabeba tani moja na nusu. Kiwanda kinachotupa tani 1.000 za mawe kwa siku kitapeleka basini meta kibiki 500 za ziada, kila siku. Na mvua haijanyesha bado.

Kwa nini mtu aache tope iwe nyepesi? Juu tope nzito sana inakwamisha ile mikono ya chuma, na kazi yote inasimama. Dawa nayo ni pesa. Mawe yenye udongo mwingi yanazama kwa shida. Mkubwa akitaka tani zaidi, njia rahisi ni kuvuta haraka.

Hakuna anayesema hapa kwamba dekanteri ndiyo ilileta maji Kasapa. Lakini basini iliyojaa mapema haina nafasi ya kupokea mvua, na Katanga mvua inaendelea mpaka mwezi wa 3 ao wa 4. Ngambo ya mpaka, ku Chambishi, Zambia, basini ya Sino-Metals ilipasuka tarehe 18 mwezi wa 2, 2025. Asidi ikafika mu mto Kafue, na muji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba.

Wakaguzi wakija, kwa kawaida wanaonyeshwa ukuta. Wakaaji wanaweza kuwaomba waulize pia daftari ya dekanteri: wiki hii tope ilikuwa na mawe asilimia ngapi, na basini imebakiza meta ngapi kufika juu?