Hesabu Zirudi Zahanati: Ilani ya Kuanzishwa kwa Vuguvugu Letu

Sisi wauguzi, matabibu, wahudumu wa afya wa vijijini, watunza takwimu na wananchi tunaotibiwa katika zahanati za Tanzania, leo tumeungana kwa dai moja: takwimu za magonjwa na vifo ndizo ziamue fedha za afya ziende wapi.

Takwimu tunazo. Kila mwezi vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, hujumlishwa katika kila zahanati, mara nyingi na muuguzi ambaye ameshinda akizalisha na kuchanja peke yake. Jumla hizo hupanda wilayani, mkoani, hadi wizarani. Aliyezijaza hasikii zilifanya kazi gani. Tunasema anastahili jibu.

Na kwamba takwimu zinaweza kuongoza fedha, nchi hii ilishaonyesha. Kuanzia miaka ya 1990, katika Rufiji na Morogoro Vijijini, wadadisi walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kazaliwa, nani kafa, na marehemu aliugua nini. Maana wengi walifia nyumbani, hakuna hospitali iliyowaandika. Mradi wa utafiti wa afya wa TEHIP ukaziweka hesabu hizo kando ya bajeti ya afya. Huko Morogoro, malaria ilisababisha takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini bajeti ya 1996 iliipa asilimia 5 tu! Timu za afya za wilaya zikagawa fedha upya. Matabibu wakafundishwa kumpima mtoto magonjwa yake yote kwa pamoja, na vyandarua vikahimizwa. Nyongeza ya fedha haikufika dola 1 kwa mtu kwa mwaka. Ndani ya miaka michache, katika wilaya hizo vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hao ni watoto walioishi kwa sababu mtu alihesabu na mwingine akakubali kuongozwa na hesabu.

Tumeona pia hesabu zikizimwa. Kuanzia Mei 2020 takwimu za korona ziliacha kutangazwa kwa zaidi ya mwaka, na wahudumu wakaingia wodini bila kujua ukubwa wa walichokikabili. Kinyume chake, Machi 2023, homa ya Marburg ilipoingia Bukoba, ilitangazwa wazi. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, na kufikia Juni mlipuko ukawa umekwisha.

Kwa hiyo tunataka kila halmashauri ibandike orodha ya magonjwa yanayoongoza kuua pamoja na fedha iliyotengewa kila ugonjwa. Vifo vya nyumbani vihesabiwe. Takwimu za milipuko zitangazwe hata zinapotisha, na siri ya mgonjwa ilindwe daima.

Tutaanzia katika vikao vya bajeti vya madiwani. Tutaingia na jumla za zahanati zetu mkononi, na kwa kila ugonjwa tutauliza umetengewa shilingi ngapi.