Uzamivu Wataka Mipaka na Wakati

Ndugu zetu wanaosomea shahada ya uzamivu huanza kwa ari kubwa, lakini si wote wafikao mwisho. Aghalabu kinachowakwamisha si upungufu wa akili, bali ni upana wa swali na uchache wa wakati.

Atakaye kuchunguza kilimo chote cha mwani cha Unguja na Pemba, tangu kilipoanza kibiashara mwaka 1989, atachoka kabla ya kufika. Lakini aulizaye kwa nini mwani mnene hufa maji ya Paje yazidipo joto, huyo ana swali lenye mipaka, na jawabu lake litamfaa mkulima. Kisha na aandike kila wiki, wala asingoje takwimu zote zikusanyike. Na amwendee msimamizi wake hata kwa kurasa tatu.

Wakuu wa idara nao wana wajibu. Mtumishi aliyepewa likizo ya masomo asiitwe kila utokeapo mkutano au ripoti. Mshika mawili moja humponyoka: idara ifanyayo hivyo haitapata kazi njema wala mtaalamu. Ruhusa ikishatolewa, hapana budi iheshimiwe.